Ini Lenye Walinzi Wake

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Kacyiru, Kigali



Nimeombwa nieleze namna chanjo ya malaria inavyoweza kutengenezwa kwa kuunganisha vipande vidogo vya protini na mafuta, ili kuamsha seli za kinga zinazoua. Habari zake nyingi zimetoka kwenye maabara za Melbourne na Wellington, mbali sana na hapa. Hata hivyo ninaamini swali gumu kuliko yote katika kazi hiyo ni swali letu sisi wa Afrika Mashariki, na majibu yake yamekuwa yakikusanywa kwetu kwa zaidi ya miaka 30.

Nianze na sababu ya haraka yangu. Mwaka 2020 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Aline Uwimana wa Rwanda Biomedical Centre. Vimelea vilivyokusanywa nchini humu kufikia mwaka 2015 vilichunguzwa jeni zao, na katika sampuli 257 za Masaka, hapo Kicukiro, sampuli 19 zilikuwa na badiliko liitwalo R561H kwenye jeni ya kelch13, badiliko linalokipa kimelea uwezo wa kuvumilia artemisinini, dawa kuu ya malaria. Jambo lililowashtua wataalamu ni kwamba vimelea hivyo havikuletwa kutoka Asia. Badiliko lilizuka hapahapa. Mwaka uliofuata ikathibitika kwa wagonjwa wenyewe kwamba vimelea vya aina hiyo vinachelewa kuondoka kwenye damu baada ya dawa.

Rwanda ilikuwa na wagonjwa karibu milioni 5 kwa mwaka katika 2016 na 2017. Kwa vyandarua, kupulizia dawa majumbani, na kwa kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wanaopima na kutibu mlangoni kwa mtu, idadi ilishuka ikawa chini ya milioni 1 kufikia mwaka 2023. Ni ushindi wa kujivunia. Lakini mwaka 2024 idadi ilianza kupanda tena, na dawa tunayoitegemea imeshaanza kuonyesha ufa. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 597,000 vya malaria kwa mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka 5. Ndiyo maana ninazungumzia chanjo kwa moyo wote.

Chanjo zipo tayari. RTS,S ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 6 Oktoba 2021, na R21 miaka miwili baadaye. Zote mbili zimepita mikononi mwa majirani zetu: Bagamoyo na Kilifi walishiriki katika majaribio makubwa ya kila moja. R21 ilipunguza malaria kwa asilimia 75 katika mwaka wa kwanza pale ambapo malaria huja kwa msimu, na asilimia 68 pale inapokuwepo mwaka mzima. Kongo ilianza kuitoa mwaka 2024, Uganda Aprili 2025. Mzazi anayeitiwa chanjo hiyo leo, ampeleke mtoto leo. Lolote nitakalosema baadaye lisimcheleweshe hata siku moja.

Udhaifu wake ni kwamba nguvu hupungua. RTS,S, ikihesabiwa kwa takriban miaka 4 pamoja na dozi ya nyongeza, ilipunguza malaria kwa asilimia 36 hivi kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17. Sababu tunaifahamu. Chanjo zote mbili hufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya protini moja inayofunika sporozoiti, yaani kimelea katika umbo lile kinalotoka nalo kwenye mate ya mbu. Kingamwili huwa na muda mfupi sana wa kukikamata, kati ya ngozi na ini. Zikipungua kidogo tu kwenye damu, vimelea vinapita. Na sporozoiti moja ikishaingia ndani ya seli ya ini, kingamwili haziifikii tena.

Sasa tuingie ini, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Mbu mmoja humwaga chini ya ngozi sporozoiti makumi kadhaa, pengine mia moja. Chache kati ya hizo hufika ini. Kila moja hujificha ndani ya seli moja ya ini, na humo hukaa siku 6 au 7. Mtu hana homa, hatetemeki, anakwenda shambani na sokoni kama kawaida. Wakati huo kimelea kimoja kinajigawa na kuwa maelfu kwa maelfu, kisha vyote vinapasua seli na kumwagika kwenye damu. Tukiweza kuua zile seli chache za ini zilizoambukizwa ndani ya wiki hiyo, homa haiji kabisa, na mbu anayefuata hapati cha kubeba.

Mwili una silaha ya kazi hiyo. Karibu kila seli yetu hukatakata protini zilizomo ndani mwake na kuvipandisha vipande juu ya uso wake, vikishikiliwa na molekuli ziitwazo HLA. Vipande hivyo ndivyo peptidi: minyororo mifupi ya asidi amino, kwa kawaida 8 mpaka 10. Seli za kinga za jamii ya T, aina ya CD8, hupita zikivikagua. Ikiona peptidi ya kigeni, CD8 huiua seli nzima pamoja na kilichomo ndani. Seli nyekundu ya damu, tunakokuja kukiona kimelea kwa hadubini, haina kiini na karibu haina HLA hizo. Kwa hiyo CD8 inayotafuta malaria ina nafasi moja tu katika maisha ya kimelea ndani ya mtu, nayo ni ile wiki ya ini.

Kwamba njia hii inawezekana si ndoto ya jana. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig alionyesha kwamba panya waliochomwa sporozoiti zilizodhoofishwa kwa mionzi walikingwa. Miaka ya 1980 ikadhihirika kwamba ukiziondoa seli za CD8 kwa panya hao, kinga inatoweka.

Ugumu uko kwenye hesabu. Ini la mtu mzima lina seli mabilioni. Zilizoambukizwa na mbu mmoja huenda zikahesabika kwa vidole. Seli za CD8 zinazozunguka mwili mzima kwenye damu hazina muda wa kuzipata zote ndani ya siku 7. Ninyi mnajua tofauti kati ya gari la polisi linalopita barabara kuu mara moja kwa usiku na irondo la mtaa, au sungusungu kwa ndugu zetu wa Tanzania: vijana wanaoishi hapohapo, wanaokijua kila kichochoro na kila sura. Mwaka 2016 kundi la Bill Heath, katika Taasisi ya Peter Doherty mjini Melbourne, lilionyesha kwamba ini nalo lina seli za CD8 za namna hiyo. Zimeweka makazi ndani ya vijishipa vya ini, zinatambaa humo usiku na mchana, haziondoki. Panya walipokuwa nazo za kutosha walikingwa. Zilipoondolewa, kinga ikaanguka. Swali likawa moja: chanjo gani itazipeleka seli hizo zikakae ini?

Hapa turudi nyuma, twende Idete.

Idete ni kijiji cha Kilombero, mkoani Morogoro, bonde la mpunga na mbu wengi. Mwaka 1993 watoto wa huko wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 walianza kuchanjwa SPf66, chanjo iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Ilitengenezwa kwa kemia tupu: peptidi zilizoundwa maabara, kuiga vipande vya protini za kimelea, zikaunganishwa pamoja na kuchanganywa na chumvi ya alumini. Hapakuwa na kimelea hai wala kirusi cha kubebea. Majibu yalitoka katika The Lancet mwaka 1994: kwa watoto 586, malaria ya kuugua ilipungua kwa asilimia 31. Furaha ilikuwa kubwa. Kisha Gambia wakaijaribu kwa watoto wachanga wakapata asilimia 8, Thailand hawakupata kinga yoyote, na watoto wachanga wa Idete yenyewe, walipochanjwa sambamba na chanjo zao za kawaida, walipata asilimia 2.

SPf66 iliachwa. Mimi sikubaliani na wanaoitaja kama aibu. Ilituthibitishia kwamba peptidi inaweza kutengenezwa kwa usafi, kwa wingi na kwa usalama, na ikachomwa kwa mtoto wa kijijini Afrika chini ya majaribio yenye viwango. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya Tanzania walijenga hapo uwezo ambao baadaye ulizijaribu RTS,S na R21. Ilichokosa SPf66 ni kuaminiwa na mwili. Peptidi tupu ni kitu kidogo mno. Mfumo wa kinga hauoni hatari yoyote ndani yake. Hupita, huyeyuka, na hakuna anayeikumbuka. Alumini nayo huamsha zaidi utengenezaji wa kingamwili, huku CD8 zikiendelea kulala.

Mafuta yanaingia hapo, na chanzo chake kitawashangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Kirin, kampuni ya bia ya Japani, walichukua sifongo wa baharini kutoka maji ya Okinawa wakitafuta dawa za saratani. Wakapata molekuli yenye kichwa cha sukari na mikia ya mafuta, wakaiboresha maabara na kuiita alfa-galaktosilseramaidi. Mwaka 1997 ilieleweka inafanya nini: hushikwa na molekuli iitwayo CD1d juu ya seli za kinga, na hapo huamsha aina ya pekee ya seli T zijulikanazo kama NKT. Seli hizi hazihitaji wiki mbili za kujifunza. Zikiona mafuta hayo huitikia ndani ya saa chache, na kuipa nguvu seli ya dendriti iliyoyaonyesha, yaani ile seli ambayo kazi yake ni kuzifundisha CD8 nani adui.

Wabunifu wa New Zealand, katika Taasisi ya Ferrier na Taasisi ya Malaghan mjini Wellington, waliona nafasi. Ukichoma mafuta na peptidi vikiwa mbalimbali, huenda seli moja ya dendriti ikapata mafuta na nyingine ikapata peptidi. Msaada wa NKT utakwenda kwa seli isiyo na somo la kufundisha. Basi wakavifunga pamoja kwa daraja la kikemia lililochaguliwa kwa makini: ni imara kwenye damu, lakini likiingia ndani ya seli vimeng'enya vya humo hulikata. Peptidi inakwenda upande wake ikashikwe na HLA, mafuta yanakwenda yakashikwe na CD1d, na vyote viwili vinaonyeshwa na seli ileile. Mwaka 2020, pamoja na kundi la Heath, walichapisha matokeo: panya waliopewa chanjo hiyo walijaza ini lao CD8 wakazi, na walipochomwa sporozoiti walikingwa. Peptidi waliyoichagua ilitoka kwenye protini ya ribosomu ya kimelea, kitu ambacho kimelea hakiwezi kuishi bila kukitengeneza.

Ninaupenda ubunifu huu kwa sababu kila kiungo chake kina kazi inayoelezeka. Ukishindwa, unaweza kuuliza ni wapi: peptidi, daraja, au mafuta? Kwa SPf66 hatukuweza kuuliza hivyo.

Lakini panya wa maabara hajawahi kuugua malaria kabla ya chanjo. Mtoto wa Rukara, mashariki mwa Rwanda, ameshaumwa. Na hapa ndipo Junju na Bagamoyo zinapotufundisha, kwa gharama waliyolipa watu wa huko kwa mikono yao wenyewe.

Junju ni eneo la Kilifi, pwani ya Kenya. Katikati ya miaka ya 2000 watoto 405 wa huko walishiriki jaribio la chanjo iliyokusudiwa kuamsha seli T dhidi ya kimelea kilicho ini. Ilibeba mfululizo wa peptidi za malaria pamoja na protini nzima iitwayo TRAP, ndani ya virusi viwili visivyo na madhara. Kwa wazungu waliojitolea Oxford ilikuwa imeonyesha dalili za kinga. Kwa watoto wa Junju haikukinga. Baadaye kirusi cha kwanza kilibadilishwa kikawekwa cha sokwe, na Caroline Ogwang na wenzake wakaijaribu kwa wanaume 121 wa Kilifi. Safari hii, katika wiki 8 za kupimwa, maambukizi yalipungua kwa asilimia 67, na kinga ilikwenda sambamba na wingi wa seli T. Kwa hiyo seli T zinaweza kumkinga Mwafrika anayeishi penye malaria; inategemea zimeamshwaje.

Bagamoyo nako, Taasisi ya Afya ya Ifakara ilijaribu chanjo ya sporozoiti nzima zilizodhoofishwa, ile inayochomwa moja kwa moja kwenye mshipa. Watanzania walipata kinga hafifu na kingamwili chache kuliko Wamarekani waliopewa chanjo ileile. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mwili ambao umepambana na malaria tangu utotoni umejifunza kuivumilia kwa kiasi fulani, na huzipokea sporozoiti kwa ubaridi.

Ndiyo sababu utafiti uliotoka mwaka 2023 katika Nature Immunology ulinigusa sana. Makundi yaleyale ya Melbourne na Wellington yaliacha peptidi iliyotengenezwa tayari, wakatumia mRNA, ambayo huupa mwili maelekezo ya kuitengeneza protini wenyewe. mRNA ya kawaida haikuweka CD8 wakazi ini wala haikukinga. Walipoongeza kichocheo cha NKT cha jamii ya yale mafuta ya sifongo, ini lilijaa walinzi na panya wakakingwa. Kisha wakafanya jambo ambalo maabara nyingi hulisahau: wakachukua panya walioambukizwa malaria ya damu kabla ya chanjo. Chanjo za sporozoiti zilizodhoofishwa zilipungua nguvu kwa panya hao, kama Bagamoyo. Chanjo ya mRNA yenye kichocheo haikutetereka.

Na kiwanda cha mRNA tunacho. BioNTech ilizindua kiwanda chake katika Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali Desemba 2023. Mamlaka ya chakula na dawa ya Rwanda ilifikia ngazi ya tatu ya Shirika la Afya Duniani Desemba 2024, na makao ya Wakala wa Dawa wa Afrika yako jiji hili. Wengi husema sasa tunasubiri tu majibu kutoka ng'ambo, kisha tutengeneze. Mimi nasema tukisubiri hivyo tutapokea chanjo iliyobuniwa kwa ajili ya mwili usio wetu, halafu tushangae matokeo yakiwa kama ya Junju ya kwanza.

Yako mambo matatu ambayo hayawezi kujulikana pengine ila kwetu, na yote yanapaswa kujulikana kabla ya kubuni.

La kwanza ni wingi wa NKT. Ini la panya limejaa seli hizi. La binadamu lina chache sana, na katika damu hutofautiana kutoka mtu hadi mtu kwa zaidi ya mara mia. Mwaka 2002 madaktari wa Uholanzi walitoa taarifa ya wagonjwa 24 wa saratani waliopewa mafuta yale: yalivumilika vizuri, lakini athari ilionekana kwa wale waliokuwa na NKT nyingi tangu mwanzo. Je, mtoto wa Rukara, aliyeugua malaria mara kadhaa, ana NKT ngapi? Na wa Musanze, kwenye baridi? Mashine zinazohesabu seli za CD4 kwa watu wanaoishi na VVU hufanya kazi kwa kanuni ileile inayohitajika. Zinazofaa kwa utafiti huhesabu aina nyingi zaidi na hutaka kitambulishi maalumu cha CD1d. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya jaribio moja lililoshindwa. Tujue pia kwamba kwa panya, NKT zikichokozwa mara kwa mara huchoka na kuacha kuitikia, jambo lenye uzito kwa chanjo ya dozi 3 au 4.

La pili ni HLA. CD1d ni moja kwa wanadamu wote, na hiyo ni neema ya njia ya mafuta. HLA ni kinyume chake: hutofautiana mno, na Afrika ina aina nyingi sana. Peptidi inayoshikwa na HLA ya mtu wa Melbourne huenda isishikwe kabisa na ya mtu wa Huye. Chanjo ya peptidi italazimika kubeba mchanganyiko uliochaguliwa kwa kuzijua HLA za watu wa hapa. Chanjo ya mRNA yenye protini nzima huuachia kila mwili uchague vipande vyake. Kwa sababu hiyo, kama ningelazimika kuchagua leo kwa ajili ya kanda hii, ningechagua mRNA, ingawa peptidi ni rahisi zaidi kuhifadhi mbali na barafu kali.

La tatu ni gumu zaidi. Seli zinazokaa ini hazionekani kwenye damu ya mkononi. Chanjo inaweza kufanikiwa kabisa na kipimo cha damu kisionyeshe kitu, au kinyume chake. Hatuwezi kumchoma mtoto mwenye afya sindano ya ini kwa udadisi wetu, na asitokee mtu wa kulipendekeza. Lakini madaktari wa upasuaji wa hospitali za rufaa, King Faisal hapa Kacyiru ikiwa mojawapo, huondoa tishu za ini kwa sababu za matibabu. Kipande ambacho kingetupwa kinaweza kutueleza ni seli gani zinaishi kwenye ini la Mnyarwanda, ni ngapi kati ya hizo zinaijua malaria, na kama zile NKT chache zinaitikia mafuta au zimekwisha kuchoka. Mgonjwa aulizwe mapema, kabla ya siku ya upasuaji, kwa Kinyarwanda chepesi na kwa mtu asiyemtibu. Aelezwe kwamba kipande hicho kitachunguzwa Kigali na matokeo yatachapishwa. Akikataa, apate huduma ileile, kitanda kilekile na daktari yuleyule.